Bwana Afya na Mama wa Kisimani

Kila mwenye nyumba Nachingwea alikuwa na sababu yake ya kumwogopa Bwana Afya, na mara nyingi sababu hiyo ilikuwa nyuma ya nyumba, haina mlango wala mfuniko. Jina lake halisi walilijua watu wa mishahara tu. Wengine wote, pamoja na mkewe mbele ya wageni, walimwita kwa kazi yake. Aliingia uani bila haraka, anainua mfuniko wa mtungi, anachungulia, kisha anamgeukia mwenye nyumba kwa upole wa kutisha: "Mama, maji haya yana miguu."

Mimi nilipangiwa shule ya msingi pale mwaka 1994, nikitokea Tukuyu, na joto la kusini lilikuwa bado halijanizoea. Wiki ya pili akanifikia. Alikagua choo changu kwa muda mrefu kuliko mkaguzi yeyote alivyowahi kukagua darasa langu. Akaandika. Akaniuliza ninafundisha nini. Nikamwambia Historia.

"Historia," akasema. "Mwalimu mzima, unajua ya Misri, na nzi wa chooni kwako hujui wanakwenda wapi?"

Nilimchukia miezi miwili. Mwezi wa tatu nilikuwa ninakwenda kunywa chai kwake kila Jumapili, maana mtu yule, ukishamaliza kumwogopa, alikuwa mtamu wa kuzungumza hata usione jua linavyokwenda.

Alipenda kusema kwamba mashimo ya vyoo ndiyo maktaba yake. Watu walidhani anatania. Hapakuchimbwa shimo mjini bila yeye kuja kupima kina, na kila shimo lilipofika usawa wa kifua cha mchimbaji, alishuka mwenyewe kutazama udongo. Humo aliokota shanga, vigae, na mara moja mfupa ambao alikataa kabisa kutuambia ni wa nini. Siku moja fundi wake wa mashimo, mzee wa Kimakonde, alimwita kwa sauti kutoka chini. Alikuwa ameshika duara la chuma lililoliwa na kutu, lenye pete ubavuni.

"Bwana Afya, chuma hiki si cha jembe," alisema yule mzee. "Hiki kilivaliwa shingoni na ntu."

Shimo lile lilifukiwa siku hiyohiyo na mwenye nyumba akaamriwa kuchimba kwingine. Chuma chenyewe kililala ofisini, kimeviringishwa bendeji, ndani ya sanduku la klorini. Siku moja alinipa nikishike. Nilikuwa nimefundisha biashara ya utumwa miaka saba, nimechora njia za misafara ubaoni kwa chaki ya rangi, na haikuwahi kunipitia akilini kwamba kitu kile kina uzito, na kwamba ukikishika kinakuachia wekundu viganjani.

Hapo ndipo matembezi yetu yalipoanzia. Yeye aliyaita ukaguzi, maana hakujua namna nyingine ya kutembea mjini. Kila mwaka, Jumamosi moja baada ya mvua, nilimpelekea watoto wa darasa la sita. Alikuja na filimbi, kofia ya kaki na fimbo yake ya kupimia, akawapanga kwa urefu, akaanza.

Wageni husema Nachingwea ni mji wa juzi, umejengwa na Waingereza kwa ajili ya karanga zao zilizoshindikana. Bwana Afya alikubali. Mji ni mpya, alisema, njia ndiyo ya zamani. Alitupandisha kwenye tuta la reli ambayo mimi sikuiwahi. "Mnaona? Mzungu aliweka reli, halafu akaing'oa. Njia iliyo chini yake hakuna aliyeing'oa. Watu walipita hapa wakitoka huko Nyasa, wanapelekwa pwani, Lindi, Kilwa. Na hawakuwa wanasafiri."

Kisha aliwafanyisha watoto jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote. Aliwapanga mstari mmoja, kila mtoto mkono wa kushoto begani kwa aliye mbele, wakatembea hatua mia bila kusema neno wala kugeuka. Mwishoni alipuliza filimbi.

"Nani ameona uso wa mwenziwe?"

Watoto waligeuka wakatazamana.

"Basi ndivyo walivyotembea miezi. Unamjua mtu kisogo tu. Akianguka, ndipo unapomwona uso."

Kila mwaka alikuwapo mtoto aliyelia. Kila mwaka mimi nami niligeuka pembeni nikajifanya ninafunga kiatu.

Lakini yuleyule mtu, katikati ya maneno mazito namna hiyo, akimwona mama anakaanga maandazi bila kufunika unga, alinyoosha fimbo. "Msafara, simama!" Watoto arobaini walisimama juani, mikono begani, Bwana Afya anamfundisha mama yule habari za vumbi. Mama anaapa kufunika, watoto wanacheka, msafara unaendelea. Nilizoea. Yeye hakuona ajabu yoyote. Kwake waliokufa njiani na watakaoharisha kesho walikuwa watu wa daftari moja.

Nilisema alikuwa mtamu. Alikuwa pia mwenye moyo wa ujasiri. Mwaka kipindupindu kilipotuingilia, ndugu wa damu walikimbia maiti zao. Bwana Afya hakukimbia. Aliosha wafu kwa mikono yake, akawavika sanda, akawasomea, halafu akarudi kuwanywesha walio hai. Alirudi mjini kutoka kambi ya wagonjwa amekonda, na alipomkuta mtu wa kwanza njiani alimwuliza kwa nini hajafagia kwake. Alivuta ugoro kwa siri kama mwanafunzi, akipiga chafya ukutani, na wakati huohuo alitufukuza tusitafune miwa barabarani. Ukimkumbusha hilo, alisema sheria zilitungwa kwa ajili ya wenye afya.

Kituo cha mwisho cha ukaguzi kilikuwa kisima cha zamani bondeni, upande wa kwendea Mkotokuyana. Hapo sauti yake ilishuka. Alisimulia habari za mwanamke mmoja aliyeletwa na msafara akiwa mgonjwa, mimba imemlemea, miguu imevimba. Wenye msafara walimfungua wakamwacha kisimani afe, kwa kuwa mzigo usiotembea hauna faida. Watu wa pale wakamkuta. Wakampa uji, wakampa jembe, wakampa kibanda. "Akajifungua, akapona," alisema Bwana Afya, "na akawa ndugu." Watoto walipiga makofi. Baada ya hatua zile mia walikuwa na njaa ya jambo jema, na hata mimi nilikuwa nayo. Niliwaandikisha daftarini: Mama wa Kisimani. Nikawapa na zoezi.

Mara moja nilimwuliza watu waliomwokoa walikuwa akina nani.

"Watu wema," alinijibu, akapuliza filimbi tuondoke.

Sasa niseme habari ya ujomba, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Kwetu Tukuyu baba ndiye mwenye neno. Kule kusini nilikuta kwamba baba anazaa, anafuga, anasomesha, na siku ya jambo kubwa anasogea pembeni ili mjomba akae. Ukoo hupita kwa mama. Posa ikija, wajomba wa mwanamume na wajomba wa mwanamke huketi mkeka mmoja, uso kwa uso, na hao ndio wanaojibishana mpaka jambo liwe. Bwana Afya hakuwa na mtoto. Alikuwa na mpwa wake Zuhura, binti wa dada yake, muuguzi msaidizi, msichana wa kucheka kwa sauti, ambaye alimpenda kuliko macho yake.

Na shuleni kwangu alikuwapo Saidi, mwalimu wa Hisabati, kijana mtaratibu mwenye kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kwao walikuwa wakulima wa korosho, Waislamu wa siku nyingi, ng'ambo ya bonde lile lile. Aliwahi kunidokeza kwamba bibi yao mkubwa alitoka Nyasa kwa miguu akimfuata mume. Aliisema kwa fahari, na mimi niliipokea kwa kicheko, nikamwambia basi mapenzi ya mbali ni ya urithi kwao.

Saidi na Zuhura walipatana. Saidi akaniomba niwe mshenga, kwa kuwa mimi ndiye niliyekunywa chai kwa mjomba. Nilifurahi kama ninaoa mimi. Nikapiga pasi shati, nikaenda alasiri, nikaketi barazani, nikaanza maneno ya kuzunguka kama inavyotakiwa, kwamba nimepita uani nimeona jambo jema, na mwenye nalo ni yeye.

Bwana Afya alicheka. "Mwalimu, umejifunza. Haya, kijana wa nani?"

Nikamtaja.

Alikuwa ameshika kikopo cha ugoro. Akakifunika, akakiweka chini pole pole. "Hilo haliwezekani."

"Kwa nini? Dini moja, kazi anayo, tabia unaijua mwenyewe."

"Mjomba wao ni nani?"

"Sijui."

"Mimi najua. Mjomba wao ni mimi."

Nilitabasamu, nikidhani tumefika kwenye undugu wa mbali ambao utatatuliwa kwa chakula. "Kumbe ni ndugu zenu."

"Si ndugu. Ni watu wetu." Alinitazama kama anavyomtazama mtu asiyejua kuchemsha maji. "Yule mama wa kisimani, Mwalimu. Mama yake Saidi ni mjukuu wake. Mama yule alikuja hana ukoo, akaingizwa kwenye wetu. Watoto wake ni wa kwetu, na wajukuu. Leo nikitandika mkeka kwa posa hii, upande wa pili atakaa nani? Nikae huku nikae na kule? Nijibu na kujijibu?"

Nilihisi baraza inainama. "Ulituambia akawa ndugu."

"Niliwaambia watoto."

"Walimnunua?"

"Walimwokota. Kilichookotwa ni cha aliyekiokota." Halafu, sijui ni kwa nini, labda kwa sababu hajawahi kuandika ripoti nusu, aliongeza: "Yule mtoto aliyezaliwa pale kisimani hakukua. Yaani alikua, lakini si hapa. Njaa ilipoingia, ilibidi nyumba itoe mtu kwa wenye chakula. Wetu walibaki. Akatolewa yeye. Bibi yake Saidi ni wa pili kuzaliwa."

Aliyasema kwa sauti ileile ya kusoma kina cha shimo. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Nilikumbuka makofi ya watoto. Nilikumbuka zoezi langu, swali la nne, eleza wema wa wenyeji. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, na aibu ikageuka hasira, nikampigia kelele mtu mzima barazani kwake: "Kila mwaka unawashikisha watoto mabega! Unawaliza! Na wewe?"

"Historia ni historia, Mwalimu," alisema. "Ndoa ni ndoa. Mwambie kijana kama nilivyokwambia. Nisije nikaonekana nimemdharau bila sababu."

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini huyu alikuwa ameliona, amelipima, ameliandika, na bado amelikalia.

Saidi alikuwa ananingoja ofisini kwa walimu, mbele yake daftari za kusahihisha ambazo hakuwa amezigusa. Alisimama. Na mimi, niliyetoka kumpigia kelele mzee kwa ajili ya ukweli, nilimdanganya. Nilisema mjomba anaona binti bado mdogo, asubiri kidogo. Nilijiambia namlinda. Nani angetaka kumpelekea kijana mpole habari kwamba bibi yake mkubwa hakumfuata mume yeyote? Saidi alishukuru. Alisema mjomba ana haki, na kwamba atasubiri.

Akasubiri miaka miwili. Kila Idi alikwenda kumsalimia Bwana Afya, na Bwana Afya alimpokea kwa heshima ngumu, Bwana Afya akidhani mgeni wake ameyasikia yote, Saidi akidhani binti anangojwa akue. Mimi sikupeleka tena darasa la sita. Alipotuma ujumbe kuuliza tarehe, nilijibu kwamba kuna mitihani. Tulisalimiana njiani. Chai iliisha.

Mwishowe dada wa Bwana Afya mwenyewe alichoka kumwona binti yake anafifia. Akamsukuma mumewe, ambaye kwa sheria ya dini ndiye walii, mwenye haki ya kumwozesha, wakafungisha ndoa kwa ndugu zao Masasi. Bwana Afya alisema ana malaria. Mimi nilikula pilau na kumkumbatia Saidi, na bado sikumwambia. Muda si mrefu nikahamishwa.

Nilirudi mwaka 2007, kusimamia mitihani Ruangwa. Katika maongezi nikasikia kwamba Bwana Afya alistaafu, mkewe akafariki, kisha kiharusi kikampiga upande mzima. Kwamba Zuhura na mumewe walikwenda kumchukua, na sasa ni mwaka wa tatu yuko kwao Malolo, ambako Saidi ni mwalimu mkuu. Nilikodi baiskeli yenye dereva, nikaenda Jumamosi asubuhi.

Zuhura alikuwa zamu zahanati. Nilimkuta Saidi ameketi ukingoni mwa kitanda, anamlisha mzee uji.

"Mjomba, kidogo tu. Mjomba, kuna mgeni wako, kula upate nguvu za kumgombeza."

Alikuwa mwembamba kama fimbo yake ya zamani. Nusu ya uso ilikuwa imelala, nusu nyingine ilinitambua. Chumba kilikuwa safi hata Bwana Afya wa zamani angekosa la kuandika. Saidi alimfuta kidevu, akamtengeneza mto, akaniambia kwamba chooni anambeba mgongoni maana Mjomba hataki beseni, anasema beseni ni la wavivu. Wakacheka wote wawili, mmoja kwa nusu mdomo. Kisha Saidi akatoka kwenda kupasha maji ya kumwogesha.

Bwana Afya alinifanyia ishara nisogee. Maneno yake yalitoka polepole lakini yalieleweka.

"Mwalimu. Yule kijana ni mtu."

"Ni mtu kweli."

"Ulimpelekea maneno yangu yale. Na bado ananibeba. Siku ya kwanza aliponibeba nililia. Nikajua amenisamehe. Usiku nikiogopa kufa, hilo ndilo linanilaza."

Ningeweza kukohoa, kuuliza habari za korosho. Lakini alikuwa akinitazama kwa lile jicho zima, na lile jicho halikuwahi kushindwa kuona kilicho chini ya mfuniko.

"Sikumpelekea," nikasema. "Nilimwambia ulisema binti ni mdogo."

Alijaribu kujiinua kwa kiwiko.

"Hajui?"

"Hajui."

"Basi sijasamehewa na mtu," akasema. "Miaka mitatu nimelala humu na msamaha ambao hakuna aliyenipa."

Nilishtuka kuliko siku ile barazani. Siku ile nilimwona yeye. Leo nilijiona mimi, mlinzi wa watu, nimemwibia kijana haki ya kukasirika na mzee haki ya kuomba radhi, na nimetembea miaka kumi nikijiona mwema. Watu wema. Ndivyo wanavyofanywa.

"Mwite," akasema.

"Bwana Afya, nakuomba. Ya nini sasa? Una kitanda, una wa kukubeba. Ukisema unaweza kukosa vyote."

"Mwite, au nitaita mimi."

Saidi aliingia mwenyewe, amebeba beseni linalofuka mvuke. "Mjomba, maji tayari." Akachutama, akatia mkono kuyapima.

Bwana Afya akamwambia. Hakutumia habari za wema wala za ndugu. Alitaja nyumba yake mwenyewe kuwa ndiyo iliyomwokota yule mama wa kisimani na kumfanya mtu wao. Alimtaja mtoto wa kwanza na njaa na waliobaki. Alitaja mkeka wa pande mbili. Kisha akanielekezea kidole: "Huyu nilimtuma akwambie. Akakuficha. Mimi sikujua kama hujui. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ujue."

Saidi hakuninyanyulia macho. Mkono wake ulikuwa bado umo ndani ya maji, umetulia, na nilimwona anahesabu kwa midomo kama anavyofanya mtu wa Hisabati akikutana na jibu lisilolingana na kazi aliyoifanya. Nje kuku alipiga kelele. Nilitaka apasue kitu. Nilitaka anipige.

Akakunja mikono ya shati. Akamvua mzee nguo, akamwogesha. Aliosha shingo, akaosha nyuma ya masikio, kwapani, akaosha vidole vya miguu kimoja kimoja, bila haraka. Akamfuta, akampaka mafuta, akambadilisha shuka, akamgeuzia dirishani apate upepo. Hakuruka hatua hata moja. Kisha akainua beseni, akaelekea mlangoni.

"Saidi," aliita yule mzee.

Saidi aligeuka.

"Naam, Bwana Afya," akajibu, kama angejibu mtu yeyote wa mjini, akatoka kwenda kumwaga maji.